Bega la Benaud na hekima ya kujua kupisha

Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Usemi huu hutajwa sana na wazee wetu, lakini ni wachache mno wanaokubali kuuishi pindi wanapojikuta katika kilele cha sifa. Mtu akishapewa unahodha au kiti, aghalabu huona ni aibu kusema kwamba leo mwili umekataa, na mwenzangu na anishikie. Ndiyo sababu nimeonelea nimsimulie msomaji maisha ya Richie Benaud, nahodha wa kriketi wa Australia, ambaye bega lake liliharibika katika mwaka ulio mkubwa kuliko yote ya uongozi wake, na ambaye alijua lini apishe na lini arudi.

Huenda kuna msomaji atakayeuliza kriketi yatuhusu nini. Tangu Februari 29, 1996, Kenya ilipoilaza West Indies mjini Pune katika Kombe la Dunia, mchezo huu si wa wageni tena kwetu. Isitoshe, funzo lililomo katika kisa hiki linavuka mipaka ya uwanja.

Benaud alizaliwa Oktoba 6, 1930, huko Penrith, katika jimbo la New South Wales. Baba yake, Lou, alikuwa mwalimu wa shule na mrushaji hodari wa mpira wa kuzungusha, ule urushwao polepole ukagota chini kisha ukageuza mkondo. Kijana aliurithi ufundi huo nyumbani, akaupenda kuliko kitu kingine chochote.

Hata hivyo, njia yake haikuwa nyoofu. Mwanzoni mwa 1949, akiwa bado hajatimiza miaka 19, alipigwa na mpira kwenye paji la uso akiwa anacheza mjini Melbourne, na fuvu lake likapasuka. Msimu ukaishia hapo. Alirejea, na Januari 1952 akaanza kuichezea timu ya taifa katika mechi za Testi, zile za siku nyingi zinazoyakutanisha mataifa. Kwa miaka kadhaa hakung'ara. Vidole vyake navyo vilikuwa vikichunika na kutoka damu kwa sababu ya kuuzungusha mpira, mpaka mwaka wa 1957 mwuza dawa mmoja wa mji wa Timaru, nchini New Zealand, alipomwonyesha jinsi ya kuvitibu. Tangu siku hiyo Benaud aliweza kufanya mazoezi kwa saa nyingi bila kuumia. Katika ziara iliyofuata ya Afrika Kusini, msimu wa 1957 na 1958, alizoa wiketi 106.

Mwaka wa 1958, nahodha Ian Craig aliugua homa ya ini na unahodha ukamwangukia Benaud. Aliipokea timu iliyokuwa imeshindwa na Uingereza mara tatu mfululizo, akawacharaza Waingereza hao mechi nne bila jibu. Desemba 1960, yeye na Frank Worrell wa West Indies waliongoza mechi ya Brisbane iliyomalizika kwa mikimbio sawa kabisa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika historia ya Testi. Basi alipofunga safari ya Uingereza mwaka wa 1961, jina lake lilikuwa limeenea kila palipochezwa kriketi.

Ni hapo ndipo bega lilipomsaliti. Ziara ikiwa ndiyo kwanza imeanza, huko Worcester, aliumia kano za bega la kulia, lile la mkono anaorushia. Yafaa msomaji afahamu bega ni kiungo cha namna gani. Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa katika kidimbwi kisicho na kina, na kinachokizuia kisichomoke ni misuli na kano zinazokizunguka. Ndiyo maana mkono waweza kuzunguka kila upande, na ndiyo maana pia waweza kuharibika kwa urahisi. Kano hizo hazipati damu nyingi, hivyo hupona taratibu sana. Anayezilazimisha kabla ya wakati huligeuza jeraha la majuma likawa la miaka.

Benaud alicheza Testi ya kwanza mjini Birmingham kwa shida, na mechi ikaisha sare. Testi ya pili ilikuwa ichezwe Lord's, London, uwanja ambao kila mchezaji wa kriketi huota kuongoza timu yake humo. Nahodha angeweza kujikaza. Angeweza kusema kwamba hata asiporusha mpira, uwepo wake wenyewe watosha. Hakufanya hivyo. Alikaa kando, akamwachia timu makamu wake, Neil Harvey, na Harvey akaipa Australia ushindi wa wiketi tano.

Hapa nataka tutue kidogo. Ni viongozi wangapi ambao wangefurahia ushindi uliopatikana wao wakiwa hawapo? Kuna watu ambao hofu yao kubwa si kushindwa, bali ni watu kugundua kwamba kazi yaweza kuendelea bila wao. Benaud alitazama timu yake ikishinda chini ya mtu mwingine, na bado akarudi kuwa nahodha bila kinyongo na bila kumwona Harvey kuwa adui.

Kurudi kwenyewe hakukuwa kwa shangwe. Katika Testi ya tatu, mjini Leeds, mwanzoni mwa Julai, Fred Trueman wa Uingereza aliwaangusha Waaustralia 11 katika mechi hiyo moja, na Uingereza ikasawazisha. Yakabaki macho yote kuelekezwa Old Trafford, Manchester, ambako Testi ya nne ilianza Julai 27. Katika zamu ya kwanza ya Waingereza, Benaud alirusha mpira kwa muda mrefu na hakupata wiketi hata moja. Waingereza walitangulia kwa mikimbio 177. Waliodhani kwamba bega lile limekwisha walikuwa na sababu ya kudhani hivyo.

Asubuhi ya siku ya mwisho, Agosti 1, wapigaji tisa wa Australia walikuwa wameshatoka, na uongozi wao ulikuwa wa mikimbio 157 tu. Ndipo Alan Davidson na kijana Graham McKenzie, wapigaji wa mwisho, walipoongeza mikimbio 98. Uingereza ikatakiwa kupata mikimbio 256. Ted Dexter akaanza kuuchapa mpira pande zote kana kwamba ana miadi ya kuwahi. Ilipofika mikimbio 150, ni mpigaji mmoja tu aliyekuwa ametolewa, na watazamaji wengi waliamini kuwa mambo yamekwisha.

Usiku uliotangulia, Benaud alikuwa amemwendea Ray Lindwall, mrushaji mkongwe wa Australia aliyekuwa amestaafu, akataka ushauri wake. Wazo lenyewe lilikuwa hili: viatu vya Trueman vilikuwa vimechimbua sehemu ya uwanja karibu na miguu ya wapigaji. Iwapo Benaud angehamia upande wa pili wa vijiti na kuudondosha mpira katika vumbi lile, uwanja wenyewe ungeugeuza. Lindwall aliliafiki. Basi Benaud akahamia upande ule. Dexter akatoka akiwa na mikimbio 76. Peter May, mpigaji wao mashuhuri kuliko wote, akatoka bila mkimbio hata mmoja, mpira ukiwa umempita nyuma ya miguu na kugonga vijiti. Wengine wakafuatana. Katika mipira 25, Benaud aliwatoa wapigaji watano kwa mikimbio 12 peke yake. Alimaliza akiwa na wiketi sita kwa mikimbio 70, na Australia ikashinda kwa mikimbio 54 huku zikiwa zimesalia dakika chache tu. Testi ya tano ikaisha sare, na taji likabaki Australia.

Tazama, basi, jinsi mgonjwa huyu alivyorudi. Hakujaribu kuthibitisha kwamba bega lake lina nguvu zile zile za zamani. Alichokipunguziwa na mwili alikifidia kwa akili, kwa shabaha, na kwa unyenyekevu wa kuuliza. Nahodha wa taifa zima hakuona haya kubisha mlango wa aliyemtangulia usiku wa manane wa safari yake.

Bega liliendelea kumsumbua, na mwisho wa 1963, Afrika Kusini ilipozuru Australia, jeraha jingine, safari hii la kidole, lilimweka nje ya Testi ya pili. Bob Simpson akashika unahodha. Benaud alipopona hakudai kiti chake. Kwa kuwa alikwisha kuamua kustaafu mwisho wa msimu huo, aliona ni heri Simpson aendelee kuongoza, naye akacheza mechi zilizosalia akiwa mchezaji wa kawaida chini ya kijana aliyekuwa msaidizi wake. Alistaafu mwaka wa 1964 akiwa na wiketi 248 na mikimbio 2,201 katika Testi 63, mtu wa kwanza kupita wiketi 200 na mikimbio 2,000 kwa pamoja. Katika uongozi wake wote Australia haikupoteza mfululizo hata mmoja.

Baadaye akawa mtangazaji wa televisheni kwa miaka mingi, na kilichompa sifa huko kilikuwa kile kile: alijua wakati wa kunyamaza. Aliaga dunia Aprili 10, 2015, mjini Sydney, akiwa na umri wa miaka 84.

Hapa kwetu, kijana akilalamika kuwa mkono au goti linamuuma, kocha humwita mwoga, na wazazi humkumbusha zawadi iliyo mbele. Matokeo yake twayaona: vipaji vinavyozimika kabla ya kutimiza miaka 25. Nao wakubwa wetu, katika vyama vya michezo na kwingineko, hung'ang'ania viti hata pale ambapo kila mtu aona kwamba bega limechoka. Wote hawa wanasahau kwamba asiyejua kupisha hawezi kujua kurudi. Mgema akiachia mnazi upumzike, si kwamba ameukimbia. Anajua kesho atapanda tena, na tembo atalikuta.