Vittorio De Sica: mwizi au wezi?

Wengi wetu katika kitivo tunamjua Vittorio De Sica kwa filamu moja, ile ambayo Kifaransa huiita Le Voleur de bicyclette. Mimi nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, sinema si fani yangu. Kilichonivuta kwenye maisha ya mtu huyu ni suala la umoja na wingi. Kwa Kiitaliano filamu hiyo inaitwa Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli. Kifaransa kinataja mwizi mmoja. De Sica alitaja wengi.

Alizaliwa tarehe 7 Julai 1901 mjini Sora, nchini Italia, katika jamaa ya mapato madogo. Baba yake alikuwa karani wa benki. Alianza kama mwigizaji wa jukwaani, na kuanzia 1932 akawa nyota wa filamu za kuchekesha: kijana mtanashati, mwenye sauti ya kuimba. Angeweza kuishia hapo. Lakini vita viliiacha Italia na njaa na ukosefu wa kazi, naye, pamoja na mwandishi Cesare Zavattini, akageuzia kamera barabarani. Mwaka 1946 walitoa Sciuscià, juu ya watoto wang'arisha viatu wa Roma, na 1948 wakatoa filamu ninayoizungumzia.

Fedha zilikuwa ngumu kupatikana. Mfadhili mmoja wa Marekani alikuwa tayari kuzitoa, mradi baba wa hadithi aigizwe na Cary Grant. De Sica alikataa, akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwahi kuigiza. Baada ya filamu, Maggiorani alipoteza kazi yake kiwandani, kama kwamba hadithi imemfuata nyumbani.

Nilipoitazama mara ya kwanza, nilifuata msako tu. Antonio amepata kazi ya kubandika matangazo ukutani, kazi inayodai baiskeli. Siku ya kwanza baiskeli inaibwa. Yeye na mwanawe Bruno wanazunguka Roma kuitafuta. Niliiona ya polepole. Nilipoitazama tena nikiwa na jina la Kiitaliano kichwani, nilianza kuona wingi kila mahali. Maria, mke wa Antonio, anaweka rehani mashuka ya nyumba ili kuikomboa baiskeli, na mtunza ghala anapanda juu ya rafu zilizojaa mashuka ya watu wengine, hadi karibu na dari. Huo si umaskini wa nyumba moja. Na mwishoni Antonio mwenyewe, amechoka, anaiba baiskeli ya mtu. Umati unamkimbiza na kumkamata mbele ya mtoto wake. Mwenye mali anamsamehe. Bruno anamshika baba yake mkono.

Sisi tunajua neno mwizi likipigiwa kelele barabarani linaweza kufanya nini. Linamtenga mtu mmoja, na umati unasahau kuuliza njaa yake ilitoka wapi. De Sica hakusema kuiba ni haki. Alikataa tu kuacha neno hilo likae juu ya kichwa kimoja.

Filamu ilipata Oscar ya heshima mwaka 1950. Umberto D., ya 1952, aliyomtunukia baba yake, haikupendwa na watazamaji wa wakati ule, na baadhi ya viongozi wa serikali waliona anaiaibisha Italia. Baadaye alimwongoza Sophia Loren katika La ciociara, iliyompa mwigizaji huyo Oscar. Alifariki Ufaransa tarehe 13 Novemba 1974.

Kwa Kiswahili, baiskeli haibadiliki: moja au elfu, neno ni lilelile. Mwizi hubadilika, na hubadilika mwanzoni kabisa mwa neno, kabla msikilizaji hajapata nafasi ya kumnyoshea mtu kidole. Atakayeitafsiri filamu hii kwa Kiswahili asipitie Kifaransa. Aandike wezi.