Daktari Fischer na Lango la Kiberiti

Nilipokuwa chuoni Lamu, mtoto akishikwa na upele alipakwa kiberiti upele kilichosagwa na kutiwa mafuta ya nazi. Tulinuka, lakini tulipona. Jina lake limetokana na Kiarabu, nami nilidhani kitu chenyewe nacho lazima kitoke ng'ambo.

Miaka mingi baadaye nilifika karibu na Naivasha, kwenye korongo liitwalo Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu. Mvuke ulitoka ardhini na harufu ya mayai viza, na kando ya tundu mlikuwa na ukoko wa manjano. Nikakumbuka chuoni mara moja.

Hapo lipo jabali liitwalo Mnara wa Fischer. Ni nani huyo? Gustav Fischer alikuwa tabibu wa Kijerumani, aliyezaliwa Barmen mwaka 1848. Alikuja Unguja mwaka 1876 pamoja na Clemens Denhardt. Mwaka uliofuata alifika kwetu, akaingia Witu, makao ya Sultani Ahmed Fumo Luti, maarufu kwa jina la Simba. Mwaka 1878 akaupanda mto Tana hadi kwa Wapokomo. Kisha akakaa Unguja akitibu wagonjwa na kukusanya ndege.

Mwaka 1882 alitoka Pangani na msafara wa watu wa pwani, akapita nchi ya Wamasai hadi Naivasha mwaka 1883. Hapo akazuiwa, akarudi.

Wajuzi wa miamba waliofuata wametueleza siri ya mahali pale. Chini mna mawe ya moto. Gesi yenye kiberiti hupanda kwa nyufa. Ikikutana na hewa na kupoa, kiberiti huganda juu ya jiwe. Ni kichache, hakitajirishi mtu, lakini ni dalili ya moto uliofichika. Tangu mwaka 1981, mvuke wa Olkaria, jirani na hapo, unatoa umeme.

Fischer hakuyaona hayo. Mwaka 1885 alikwenda kumtafuta Wilhelm Junker asimfikie, akafariki Berlin Novemba 1886, umri miaka 38.

Yeye ana jabali, ana na ndege wa jamii ya kasuku mwenye jina lake. Wapagazi waliobeba mizigo yake kwa vichwa hawana hata kokoto. Kabla sijaondoka niliwasomea Fatiha.