Emil Post, mzee wa mkono mmoja aliyeanzisha mambo ya "kama hivi, basi vile"

Leo siasa naziweka pembeni kidogo, nina stori ya mtu niliyemjua kwa shida.

Ilikuwa hivi. Nimemaliza kidato cha nne, ajira hakuna, nikaamua kujifundisha CLIPS hapa kafe Babati mjini. Hii ni lugha ya kompyuta ya bure, ilianzia NASA kule Houston mwaka 1985. Humo huiambii mashine ifanye hiki kisha kile. Unaipa kanuni tu: kama ng'ombe ana homa kali, na tezi zimevimba, na ana kupe, basi shuku ndigana kali. Ukiingiza habari za ng'ombe, yenyewe inatafuta kanuni zinazomhusu. Mjomba wangu ana ng'ombe kadhaa, nikamwahidi programu ya kumwambia lini amkimbilie daktari wa mifugo.

Siku ya kumwonyesha, ikagoma kusimama! Alama za wasiwasi 10, 20, 30, mpaka zikapita laki, dakika zangu za kafe zinateketea, na mjomba kakaa pembeni anatazama. Aibu tupu. Katika kuhangaika kutafuta kosa ndipo nikamkuta Post.

Alizaliwa 1897 mji wa Augustów, Poland, familia ya Kiyahudi. Mwaka 1904 wakahamia New York. Akiwa na miaka kama 12 alipata ajali ya gari, mkono wa kushoto ukaenda. Ndoto yake ilikuwa kusoma nyota, ila akahofia mkono mmoja hautatosha kwenye kazi hiyo, akageukia hesabu. 1917 akamaliza City College, 1920 akapata udaktari pale Columbia, halafu akaenda Princeton.

Huko Princeton akaanza mchezo ambao hata wewe unaweza kuucheza kwenye daftari. Andika mfuatano wowote wa 0 na 1. Ukianza na 0, ongeza 00 mwishoni. Ukianza na 1, ongeza 1101. Kisha futa tarakimu tatu za mwanzo, rudia. Zikibaki chini ya tatu, umeishia hapo. Jaribu 010: inakuwa 01000, ukifuta zinabaki 00, kwisha. Sasa jaribu 10010: unapata 101101, halafu 1011101, halafu 11011101, inazidi kurefuka. Je, itakufa, itajizungusha, au itakua milele? Post alitaka njia ya kujua mapema, bila kucheza mpaka mwisho. Akashindwa. Kanuni mbili tu, na mpaka leo swali hilo liko wazi!

Hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi kweli. Mwaka 1921 akaona kwamba yapo maswali ambayo hakuna utaratibu wowote utakaoyajibu yote. Hakuchapisha. Gödel akatoa ya kwake 1931, Church na Turing 1936, sifa zikaenda huko. Makala yake ya siku zile ilikuja kuchapwa 1965, mwenyewe keshazikwa.

Wadau, mimi nilidhani ipo programu ya kukagua programu yoyote na kukuambia kama itasimama. Haipo, na haiwezi kuwepo. Kwa hiyo nikarudi kuangalia kwa macho. Niliandika watch facts na watch rules, kisha run 10 ili zifanye kazi kanuni kumi tu. Kosa likaonekana. CLIPS hairudii kanuni kwa taarifa ileile, lakini mimi nilikuwa naibadilisha taarifa ya ng'ombe kila mara, na ukiibadilisha, ile ya zamani inafutwa na inaingia mpya kabisa. Kanuni inaiona ngeni, inaamka tena. Dawa yake: kanuni iache alama kwamba kupe wameshahesabiwa, na kabla ya kuhesabu iangalie kama alama hiyo haipo. Ikasimama kwenye 30.

Tumrudie mzee. Ugonjwa wa akili ulimwandama tangu Princeton, unakuja na kuondoka. Kuna miaka alifundisha sekondari. Mwaka 1935 akarudi City College, vipindi saa 16 kwa wiki, ofisi hana, utafiti anafanyia sebuleni kwake. Daktari alimwekea mpaka wa kazi: saa kumi hadi kumi na moja jioni, na saa moja hadi tatu usiku, basi. Mke wake, Gertrude, ndiye aliyempigia chapa maandishi yake. Kwa saa hizo chache, mwaka 1943 alitoa makala ya mifumo ya kanuni aliyoiita ya uzalishaji. Baadaye Newell na Simon wakaichukua kuelezea jinsi binadamu anavyofikiri, ikafika mpaka CLIPS. Ile herufi P kwenye jina hilo ni neno lake.

Alifariki 21 Aprili 1954, hospitalini New York, moyo ulisimama baada ya matibabu ya shoti ya umeme. Alikuwa na miaka 57. Turing naye akafa Juni mwaka huohuo.

Mjomba sasa anadai kanuni za ndigana baridi, na hapo mbili zinagongana, ya mwisho kuamka inaipita ya kwanza. Mwenye ujuzi atupie maoni hapo chini. Na atakayeimaliza ile 10010 kwenye daftari aseme ameishia wapi.