Tumkumbukapo mpanda farasi, tusimsahau saisi

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vyaundwa. Methali hii yafaa kuwa mizani ya kuyapimia maisha ya Beryl Markham, mpanda farasi, mkufunzi wa farasi wa mashindano na rubani, aliyefariki jijini Nairobi mnamo Agosti 3, 1986. Wengi waliomwandika wamemsawiri kama mwanamke aliyejiunda mwenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba waundaji wake walikuwapo, na kwamba baadhi yao walitoka katika jamii ambayo leo hutajwa zaidi kwa sababu ya chai ya Kericho na Bomet, yaani Wakipsigis.

Beryl alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo. Babake, Kapteni Charles Clutterbuck, alianzisha shamba huko Njoro, kando ya msitu wa Mau, akajenga vinu vya unga na mbao na kufuga farasi wa mashindano. Mamake hakustahimili maisha hayo, akarejea Uingereza. Basi mtoto akabaki na baba aliyeshughulika tangu alfajiri hadi usiku, na malezi yake kwa kiasi kikubwa yakawa mikononi mwa Waafrika waliofanya kazi shambani.

Watu hao walifikaje Njoro? Yatupasa kukumbuka kwamba mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilipeleka kikosi cha kuwaadhibu Wakipsigis wa Sotik, wakauawa watu na kutwaliwa ng'ombe wengi. Baadaye sehemu za ardhi yao ziligawiwa walowezi, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanza kupanda chai Kericho. Wakipsigis wengi walivuka msitu wa Mau na mifugo yao, wakawa maskwota: walitoa jasho lao, nao wakaruhusiwa kulisha ng'ombe katika nyika ambazo sasa zilikuwa na mwenyewe mwingine.

Miongoni mwa waliokuwa katika shamba la Clutterbuck ni arap Maina na mwanawe Kibii. Kwao Beryl alijifunza kurusha mkuki, kufuata nyayo za wanyama na kuzungumza lugha yao. Yeye na Kibii walikuwa marika katika michezo na mawindo. Arap Maina aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kibii naye alipotoka jandoni akaitwa arap Ruta. Asiyejua mila hushangaa kwa nini mwana wa arap Maina asiitwe arap Maina. Sababu ni kwamba kijana huchukua jina la utotoni la babake, likitanguliwa na neno arap, yaani mwana wa. Hivyo jina moja hubeba ukoo wa vizazi viwili.

Ukame ulipomfilisi Clutterbuck, akahamia Peru. Beryl hakuwa ametimiza hata miaka 20. Alipanda farasi wake Pegasus, akaenda Molo kuanza kazi ya kuwafunza farasi wa watu wengine, akawa mwanamke wa kwanza nchini kupata leseni ya kazi hiyo. Arap Ruta akamfuata, akawa saisi wake.

Kazi ya saisi si ya kudharauliwa. Farasi ni mgeni katika nyanda zetu, na adui yake mkubwa ni maradhi yaenezwayo na visubi, wadudu wadogo waumao machweo na usiku. Saisi ndiye humwingiza bandani kabla ya giza, humsugua, huchunguza kwato, hufunga miguu iliyovimba na kumtembeza polepole baada ya mbio hadi jasho likauke. Wana wa wafugaji walikuja na jicho lililokwisha kuzoea kumtambua mnyama mgonjwa kabla hajaanguka. Mpanda farasi hushangiliwa kwa dakika chache uwanjani. Nyuma ya dakika hizo kuna miezi ya saisi.

Beryl alipogeukia urubani, arap Ruta aligeuka naye, akatunza ndege kama alivyotunza farasi. Septemba 1936 Beryl aliruka peke yake kutoka Uingereza, akaanguka salama kwenye kinamasi cha Cape Breton, Kanada, akiwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kuelekea magharibi. Mwaka 1942 kikatoka kitabu chake cha kumbukumbu, ambacho kilisahaulika hadi kilipochapishwa upya mwaka 1983. Alikuwa amekwisha kurejea Kenya, na farasi wake wakatwaa Derby ya Kenya mara kadhaa.

Kitabuni Beryl anakiri, kwa uchungu usiofichika, kwamba waliotembea bega kwa bega utotoni walifika ukubwani mmoja akimfuata mwenzake nyuma, naye Kibii wa jana akamwita Memsahib. Kwa mwanaisimu, badiliko hilo la neno moja linaeleza ukoloni kuliko kurasa nyingi za takwimu. Aidha, anawaita rafiki zake Wanandi; waandishi wa baadaye ndio waliowataja kuwa Wakipsigis. Jina Kalenjin, linalozikusanya jamii hizo pamoja, lilianza kuenea miaka ya 1940.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Tunamjua arap Ruta kwa sababu tu bibi aliyemwajiri alikuwa na kalamu. Hatuna simulizi lake mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe. Je, ni masaisi na wachungaji wangapi wa Njoro, Molo na Sotik ambao waajiri wao hawakuandika lolote? Wenyewe wametutoka, na wana wao waliokulia katika mashamba hayo ni wazee wakongwe. Chuo Kikuu cha Egerton kiko papo hapo Njoro, na kile cha Kabianga kiko Kericho. Wanafunzi wa vyuo hivyo wasingoje ufadhili wa ng'ambo ili kwenda kuwasikiliza wazee hao na kuyaandika maneno yao kwa Kikipsigis na kwa Kiswahili. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kumbukumbu ya mtu mmoja, hata akiwa shujaa, haitoshi kuwa historia ya nchi.