Ufaransa: Henri Matisse na miaka aliyoongezewa baada ya saratani

Mwezi Januari mwaka 1941, sehemu ya kaskazini ya Ufaransa ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani, mchoraji Henri Matisse alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mjini Lyon. Alikuwa na umri wa miaka 71. Upasuaji ulifaulu, lakini damu iliganda na kuingia mapafuni, akawa baina ya uhai na mauti. Aliwaomba madaktari miaka mitatu au minne tu ili akamilishe kazi zake. Alijaliwa karibu kumi na minne, na watawa waliomuuguza wakambandika jina la aliyefufuka.

Haikuwa mara ya kwanza kwa kitanda cha mgonjwa kuyageuza maisha yake. Matisse alizaliwa tarehe 31 Desemba 1869 huko Le Cateau-Cambrésis, kaskazini mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Ubelgiji, akakulia katika mji wa wafumaji wa vitambaa. Alikuwa karani katika ofisi ya wakili alipougua kidole tumbo, na mama yake akamletea sanduku la rangi ili asichoke kulala. Sheria akaiacha. Kufikia mwaka 1905 yeye na wenzake walionyesha mjini Paris picha zenye rangi kali kiasi kwamba mhakiki mmoja aliwafananisha na hayawani wa mwituni.

Baada ya Lyon, misuli ya tumbo ilikuwa dhaifu mno. Hakuweza kusimama kwa muda mrefu mbele ya picha. Siku nyingi alizimaliza kitandani au katika kiti cha magurudumu. Ndipo akaushika mkasi. Zamani alikuwa akikata karatasi ili kupanga picha tu kabla ya kuichora. Sasa karatasi ikawa kazi yenyewe. Wasaidizi wake walizipaka karatasi rangi, yeye akazikata moja kwa moja bila kuchora mistari kwanza, nao wakazibandika ukutani kwa pini, wakizisogeza huku na huku kwa maelekezo yake hadi aridhike. Kutokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1947 kitabu chake Jazz, chenye picha 20.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba mzee alikaa akichezea rangi, dunia ikiwa shwari. Sivyo. Mwaka 1943 alihamia Vence, kwenye vilima vya nyuma ya mji wa Nice, kwa hofu ya mabomu. Mwaka uliofuata mkewe Amélie, ambaye walikuwa wamekwisha kutengana, na Marguerite, binti wa Matisse, walikamatwa na Gestapo kwa kuwasaidia wapinzani wa utawala wa Wajerumani. Marguerite aliteswa vikali, ila aliokoka. Matisse aliendelea kukata karatasi zenye rangi za jua na bahari, naye usingizi ulikuwa umemhama. Furaha iliyomo katika kazi zile aliitafuta kwa jasho, siku baada ya siku.

Wasikilizaji wenye asili ya Kongo watapenda kujua kwamba kuta za nyumba yake zilitundikwa vitambaa vya Wakuba wa Kasai, vilivyofumwa kwa nyuzi za rafia. Alivitazama kwa muda mrefu, na ni vigumu kuyaona maumbo yake ya karatasi bila kuvikumbuka vitambaa hivyo.

Miongoni mwa wauguzi wake alikuwamo msichana Monique Bourgeois, ambaye baadaye alikuwa mtawa wa Kidominika. Urafiki wao ndio uliozaa kanisa dogo la Vence, kazi iliyomchukua miaka minne. Alichora kwa mkaa uliofungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu, na madirisha akayapa rangi tatu tu: manjano, kijani na buluu. Kanisa lilipobarikiwa mwezi Juni 1951, yeye hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya afya.

Wapo wahakiki walioziona karatasi zake kuwa michezo ya kizee. Hata hivyo, mwaka 1950 alitunukiwa tuzo kuu ya uchoraji katika maonyesho ya Venice, na mwaka 1952 mji alikozaliwa ukafungua jumba la makumbusho lenye jina lake, yeye mwenyewe akiwa hai.

Kiangazi cha mwaka huo huo alipelekwa Cannes kutazama waogeleaji. Jua lilikuwa kali, akarudishwa nyumbani Nice. Akaagiza karatasi nyeupe izungushwe kwenye kuta za chumba cha kulia, kisha akakata miili ya buluu inayoruka na kupiga mbizi, akajitengenezea bwawa lake mwenyewe. Alifariki tarehe 3 Novemba 1954 akiwa na umri wa miaka 84. Bwawa lile leo limehifadhiwa New York.