Mwadhama Laurean Rugambwa: Kutoka Seminari ya Rubya hadi Ukardinali

Kila mwaka tunapokutana kusherehekea Uhuru wa tarehe 9 Desemba, huwa tumetoka tu kupita kumbukumbu ya mzee wetu mmoja mkubwa. Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa alifariki dunia tarehe 8 Desemba 1997, mkesha wa Uhuru, akiwa na umri wa miaka 85. Watoto wetu waliozaliwa huku ughaibuni huenda wamelisikia jina lake kwa sababu ya shule ya sekondari ya wasichana iliyoko Bukoba, au hospitali ya Ukonga, Dar es Salaam. Mwaka huu tumeona vyema tuwaeleze alikuwa nani, na hasa alilelewa vipi. Chama chetu kina Waislamu na Wakristo, na habari hizi ni za wote, maana zinahusu jinsi nchi inavyowapata viongozi wake.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 katika kijiji cha Bukongo, upande wa Bukoba, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza wakaichukua na kuiita Tanganyika. Laurean alibatizwa mwaka 1921, akiwa mtoto wa miaka minane. Baadaye aliingia seminari ndogo ya Rubya, iliyokuwa chini ya Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe.

Wasiojua seminari tuwaeleze kidogo. Ni shule, lakini si shule tu. Mvulana huondoka kwao akiwa bado mdogo, akaishi kwa kengele: kengele ya kuamka, ya sala, ya darasa, ya kazi za mikono, ya kunyamaza na ya kulala. Siku zile alijifunza Kilatini tangu mwanzo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa lugha ya Kanisa. Walezi hawakutazama maksi peke yake. Walitazama pia kama kijana anatii, anatunza siri, anashirikiana na wenzake, na kama anafanya kazi hata asipoonwa na mtu. Aliyeonekana hafai alirudishwa nyumbani, na wengi walirudi. Kwa wazazi lilikuwa jambo zito. Katika jamii inayohesabu ukoo kwa watoto na wajukuu, kumtoa mtoto wa kiume awe padre ni kukubali kwamba tawi lake halitaendelea.

Kutoka Rubya, Laurean alivuka mpaka kwenda seminari kuu ya Katigondo, karibu na Masaka, Uganda. Huko alisoma falsafa na teolojia pamoja na vijana wa makabila mengine. Akiwa Katigondo alishuhudia jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Mwaka 1939 Padre Joseph Kiwanuka, ambaye naye alipitia seminari hiyohiyo, aliwekwa wakfu kuwa askofu na kukabidhiwa Masaka. Kwa mafrateri waliokuwa vitabuni, haikuwa tena habari ya kuambiwa kwamba iko siku Mwafrika ataongoza. Askofu mweusi alikuwa jirani yao.

Laurean alipadirishwa tarehe 12 Desemba 1943, akiwa na miaka 31. Tukihesabu tangu alipoingia Rubya, malezi yalikuwa yamechukua sehemu kubwa ya maisha yake. Hata hapo masomo hayakwisha. Baadaye alipelekwa Roma, katika Chuo Kikuu cha Urbaniana, akapata shahada ya udaktari wa sheria za Kanisa mwaka 1951.

Mwishoni mwa mwaka huo aliteuliwa kuongoza eneo jipya la Kanisa lililoitwa Kagera ya Chini, akawekwa wakfu kuwa askofu Februari 1952. Eneo hilo lilimegwa kutoka Bukoba na kukabidhiwa mapadre Waafrika. Mwaka 1953 likawa jimbo la Rutabo. Hapa ndipo tunapoomba vijana wetu watazame tarehe kwa makini. Ilikuwa bado miaka tisa kabla ya Uhuru, na TANU ilikuwa haijazaliwa, kwani ilianzishwa mwaka 1954. Lakini pembe moja ya Tanganyika tayari ilikuwa na Waafrika waliosimamia parokia, fedha na watu wao wenyewe. Waliweza kukabidhiwa kwa sababu kazi ya kuwaandaa ilianza zamani, wakati hakuna aliyejua watahitajika lini.

Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane wa 23 alimfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kupewa daraja hilo. Siku hiyohiyo walipewa ukardinali Peter Doi wa Japani na Rufino Santos wa Ufilipino, nao wakiwa wa kwanza katika nchi zao. Rugambwa alikuwa na miaka 47. Tanganyika ilikuwa haijapata bendera yake, lakini jina lake likatajwa katika magazeti ya dunia. Mwaka huohuo akawa Askofu wa Bukoba.

Kuanzia 1962 hadi 1965 alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliowakusanya maaskofu zaidi ya 2,000 kutoka duniani kote. Majadiliano ya ukumbini yaliendeshwa kwa Kilatini, na wapo maaskofu wa nchi tajiri waliohangaika kukifuata. Kilatini cha Rubya na Katigondo, ambacho pengine kilionekana mzigo usio na faida kwa mtoto wa kijijini, sasa kilikuwa na kazi. Aidha, alipiga kura katika chaguzi tatu za mapapa, mmoja mwaka 1963 na mbili mwaka 1978.

Desemba 1968 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Mtu wa Kagera akahamia jiji la pwani, lenye Waislamu wengi na watu wa kila mkoa. Alifika nchi ikiwa katika siasa ya Ujamaa. Muda mfupi baadaye serikali ilitaifisha shule za madhehebu, ikiwemo sekondari ya Pugu, ambako Mwalimu Nyerere aliwahi kufundisha. Seminari hazikutaifishwa. Kwa hiyo Kanisa lilipoteza shule zake nyingi, lakini likabaki na mahali pa kuwalelea mapadre wake.

Aliliongoza jimbo kuu hilo kwa zaidi ya miaka 20. Septemba 1990 alimpokea Papa Yohane Paulo wa Pili alipoitembelea Tanzania, na Julai 1992 alistaafu, Askofu Mkuu Polycarp Pengo akachukua nafasi yake. Alipofariki alizikwa kwanza Kashozi, kwa sababu kanisa kuu la Bukoba lilikuwa likitengenezwa. Mwaka 2012, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, mabaki yake yalihamishiwa katika kanisa kuu hilo, na ndipo alipo hadi leo.

Sisi wazazi wa ughaibuni hupenda mtoto afike haraka: amalize chuo, apate kazi, atume fedha nyumbani. Maisha ya mzee huyu yanatukumbusha gharama ya kumwandaa mtu polepole. Kuna mama na baba huko Bukongo waliomruhusu mtoto aende, bila kujua atarudi akiwa nani. Msimu huu wa Uhuru, mkienda likizo nyumbani na mkafika Bukoba, wapelekeni watoto kanisa kuu wakaone kaburi lake. Kisha, ikiwezekana, wafikisheni na Rubya.