Kipchomber arap Koilegen na Filamu ya Mkuu wa Wilaya

Mwanafunzi aliyelelewa Kericho au Bomet huyaona mashamba ya chai kila uchao, na ni rahisi kwake kudhani kuwa yamekuwapo tangu jadi. Maisha ya Kipchomber arap Koilegen, ambayo ni magumu kufundisha kwa kitabu peke yake, yalikwisha kabla ya kampuni kubwa za chai kufika huko.

Koilegen alikuwa mwana wa Kimnyole arap Turukat wa ukoo wa Talai, Orkoiyot wa Wanandi, yaani kiongozi wa kiroho aliyetegemewa kwa baraka za vita na kwa uaguzi. Mnamo 1890 hivi, Wanandi walimlaumu Kimnyole kwa maafa yaliyowapata, wakamuua kwa marungu. Wanawe wakagombea nafasi yake. Koitalel arap Samoei akashinda. Koilegen akahamia kwa Wakipsigis, nao wakampokea kuwa Orkoiyot wao. Hapa pana kinaya. Aliyeshinda nyumbani aliuawa kwa risasi na Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa wa amani. Aliyeshindwa akaendelea kuheshimiwa ugenini kwa miaka kadhaa.

Heshima hiyo ndiyo iliyowatia Waingereza hofu. Machifu waliowateua wao walikuwa na barua za serikali, ilhali Koilegen alikuwa na masikio ya watu. Mwaka 1914 yeye na nduguze, arap Boisio na arap Sing'oei, waliondolewa na kupelekwa maeneo ya kati ya Kenya ya leo. Koilegen alifia uhamishoni mnamo 1916.

Baada ya vita, mwaka 1919, eneo kubwa la ardhi ya Kericho lilitengewa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Kilimo chao cha kitani kikaanguka, na katikati ya miaka ya 1920 zikaja kampuni za chai. Ukoo wa Talai nao haukusahauliwa: sheria ya 1934 iliwahamisha watu wapatao 700 hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria.

Mwaka uliofuata, 1935, London ilitoa filamu ya Sanders of the River, iliyoongozwa na Zoltan Korda. Paul Robeson aliigiza humo kama Bosambo, na Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi Uingereza, alipata nafasi ndogo. Mkuu wa wilaya anapokwenda likizo, uvumi unaenea kwamba amekufa, na nchi nzima inaingia katika vurugu. Anaporejea, mfalme mwovu anaondolewa na Bosambo anatawazwa. Robeson aliijutia baadaye. Hata hivyo, darasani filamu hiyo ina manufaa kuliko filamu nyingi zenye nia njema. Mwalimu wa fasihi akiisimamisha pale Bosambo anapotawazwa, kisha akasimulia safari ya Koilegen ya 1914, suala la mtazamo wa msimulizi halihitaji tena ufafanuzi mrefu. Katika filamu nchi inavurugika kwa kukosa mkuu wa wilaya. Kericho, mkuu wa wilaya ndiye aliyebaki.

Watalai walioruhusiwa kurejea kutoka Gwassi mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliikuta ardhi imekwisha kupandwa chai.